Mchanga Una Heshima Yake

Wako wanaocheka wakisikia kuwa huko Ulaya na Marekani watu wazima huinamia meza, wakapigana vita vya mchezo kwa askari wadogo juu ya vilima vya mchanga. Sisi hatuwacheki.

Mchezo huu una asili yake. Mwaka 1812, huko Prussia, Georg Leopold von Reisswitz aliuonyesha mbele ya mfalme. Hapo kabla akifinyanga vilima na mabonde katika sanduku la mchanga. Lakini aliona mchanga haumstahiki mfalme, akaunda meza ya fahari yenye vipande vya plasta.

Leo mchanga umerudi. Upo wa kuchezea, uliotiwa mafuta kidogo ya silikoni. Haukauki kama wetu wa ufukweni, na ukifinyangwa hushikana. Ila zake pia zipo: kilima kirefu huporomoka polepole, na askari wazito huzama. Basi vilima na viwe vya chini, na askari wawekewe kibao.

Hata hivyo, twaona ni bora kuliko vilima vya kununua. Anunuaye kilima hukiona pambo. Akifinyangaye hujua kwa nini vijana hufa wakikipanda. Mchezo ukisha, husawazisha vyote kwa kiganja. Ardhi ya kweli haisawazishiki hivyo. Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Na heri mchezo unaomshikisha mtu nyasi hizo kwa mkono wake.