UCHAMBUZI: Shilingi imara yamuumiza mkulima wa chai, lakini je, yamfaa mwanawe anayetaka kompyuta ya michezo?

WAKULIMA wa majanichai katika kaunti za Bomet na Kericho walipoandamana Oktoba 2025 kulalamikia bonasi duni, shirika la KTDA lilitaja kuimarika kwa shilingi kuwa mojawapo ya sababu zilizopunguza malipo hayo.

Hoja hiyo ina mashiko. Chai huuzwa kwa dola kwenye mnada wa Mombasa. Dola iliyobadilishwa kwa zaidi ya Sh160 Januari 2024 ilishuka hadi takriban Sh129 katika nusu ya pili ya mwaka huo, na ikasalia papo hapo mwaka wa 2025. Mkulima alipoteza zaidi ya Sh30 kwa kila dola, hata kabla ya kuzungumzia ubora wa majani au usimamizi wa kiwanda.

Kwa mantiki iyo hiyo, bidhaa inayoagizwa kutoka ng'ambo ilipaswa kuwa nafuu. Ndiyo maana swali ambalo wazee wengi wangelipuuza kuwa la kitoto limeingia katika hesabu za nyumbani kutoka Silibwet hadi Sotik: je, bonasi ikiingia, kijana apewe fedha anunue kadi mpya ya michoro?

Kadi ya michoro ni kile kipande ndani ya kompyuta kinachochora picha zionekane kwenye skrini. Bila kadi yenye nguvu, michezo ya kisasa hukwama, na kazi ya kuhariri video za harusi au kuchora ramani za nyumba huwa ya kuchosha. Kwa hivyo si anasa tupu. Kwa kijana mwenye chumba cha michezo mjini, ni jembe.

Tuanze na bei. Mnamo Julai 2016 kampuni ya Nvidia ya Marekani ilitoa kadi ya GTX 1060 yenye kumbukumbu ya gigabaiti sita kwa dola 249. Mei 2025 ilitoa RTX 5060, yenye gigabaiti nane, kwa dola 299. Kwa mnunuzi wa Marekani, hilo ni ongezeko la asilimia 20 katika muda wa karibu miaka tisa, kiwango kilicho chini ya mfumuko wa bei nchini humo.

Kwa mnunuzi wa Bomet, hadithi ni nyingine. Mwaka 2016 dola ilikuwa takriban Sh101, hivyo kadi ile ya kwanza ilikuwa sawa na Sh25,000 hivi. Ya pili, kwa Sh129, ni karibu Sh38,600. Ongezeko hilo linapita asilimia 50. Sehemu kubwa ya mzigo huu haikutoka kiwandani bali imetokana na shilingi yetu kudhoofika kwa miaka mingi. Uimara wa sasa umepunguza maumivu, kwani kwa kiwango cha Sh160 kadi hiyo hiyo ingegharimu zaidi ya Sh9,000 juu ya hapo, lakini haujaturudisha tulikotoka.

Juu ya bei hiyo huja mkono wa serikali. Sehemu za kompyuta hazitozwi ushuru wa forodha chini ya viwango vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hata hivyo, Sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliondoa afueni waliyokuwa nayo wanunuzi wa kompyuta, na tangu hapo hutozwa asilimia 16. Kuna pia ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5, na ada ya maendeleo ya reli ambayo ilipandishwa kutoka asilimia 1.5 hadi 2 mwishoni mwa mwaka 2024.

Ukijumlisha, kadi ya Sh38,600 inakuwa takriban Sh46,500 kabla ya nauli, bima na faida ya mwuzaji. Tuseme kiwanda kimelipa bonasi ya Sh20 kwa kilo: kadi moja itameza bonasi ya zaidi ya kilo 2,300 za majani mabichi. Kijana anayeomba fedha hizo sharti aijue hesabu hii, na mzazi anayezitoa vilevile.

Je, akisubiri bei zitashuka? Historia ya karibuni haileti matumaini makubwa. Kati ya mwaka 2020 na 2022 kadi ziliadimika kwa sababu ya janga la corona, uhaba wa vipuli na wachimbaji wa sarafu za kidijitali waliozinunua kwa mamia. Mfumo wa Ethereum ulipoacha kuhitaji kadi hizo Septemba 15, 2022, bei zililegea na kadi zilizotumika zikafurika sokoni.

Safari hii mshindani ni mkubwa zaidi. Katika mwaka wake wa kifedha uliokamilika Januari 2025, Nvidia ilipata mapato ya dola bilioni 130.5. Takriban dola bilioni 115 zilitokana na vituo vya data, ambako akili unde ndiyo mteja mkuu. Michezo ya kompyuta, iliyoijenga kampuni hiyo, ilileta dola bilioni 11 na ushei tu. Mchezaji wa gemu, awe Bomet au Boston, si mteja wa kwanza tena.

Njaa hiyo ya akili unde imezikumba hata kumbukumbu za kompyuta. Bei zake zilipanda kwa kasi mwishoni mwa mwaka 2025, na mwezi Desemba kampuni ya Micron ikatangaza kwamba itaacha kuwauzia wanunuzi wa kawaida bidhaa zake za jina la Crucial. Kwa kuwa kila kadi ya michoro hubeba kumbukumbu zake, ni vigumu kuona bei zake zikishuka hali ikiwa hivyo.

Lakini kukosa matumaini ya bei kushuka si sababu ya kukimbilia dukani. Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kuna maswali matatu ambayo mnunuzi anapaswa kuyajibu kwanza.

La kwanza: ni nini hasa kinachoilemea kompyuta? Punguza ubora wa picha katika mchezo. Kasi ikiongezeka sana, kadi ndiyo dhaifu. Ikibaki vilevile, tatizo liko kwenye prosesa au kumbukumbu, na kadi mpya itakuwa fedha iliyotupwa mtoni.

La pili: je, kompyuta yenyewe inastahili kadi hiyo? Nyingi katika miji yetu ni zile zilizotumika katika ofisi za Uingereza. Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inahitaji, kwa zile za Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Aliye na mashine ya kizazi cha nne asiiongezee kadi ya Sh46,500. Aiuze akiongezea fedha apate mashine mpya zaidi.

Aidha, kompyuta hizo za ofisi zina mfumo mdogo wa umeme. RTX 5060 hutumia hadi wati 145 na huhitaji waya wake wa ziada. RTX 3050 ya gigabaiti sita, iliyotoka Februari 2024 kwa dola 169, hutumia wati 70 na haihitaji waya huo. Si shujaa, lakini kwa michezo ya kandanda kwenye skrini ya kawaida inatosha, na ina waranti, jambo ambalo kadi kuukuu ya mchimba sarafu haina. Anayeishi zaidi ya kilomita 200 kutoka maduka ya Nairobi hawezi kurudisha kadi mbovu bila kulipa nauli mara mbili.

La tatu: je, itajilipa? Ikiwa kadi mpya itamwongezea mwenye chumba cha michezo Sh100 kwa siku, itamchukua siku 465 kurejesha Sh46,500, bila kuhesabu umeme. Ikiwa wateja wake wanaridhika na walichonacho, hana haja nayo.

Na kabla ya yote, tusisahau mbingu za kwetu. Ukanda wa Kericho na Bomet hupigwa na radi na mvua ya mawe kuliko sehemu nyingi duniani. Umeme unaopotea na kurudi kwa kishindo unaweza kuiua kadi ya bei yoyote kwa sekunde moja. Kifaa cha kudhibiti umeme na waya wa kutulizia ardhini ndivyo vinavyostahili kununuliwa mwanzo.

Serikali nayo ina la kujibu. Kampuni kubwa iliyosajiliwa kwa VAT hudai marejesho ya kodi iliyolipa kwa vifaa vya kazi. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayafiki Sh5 milioni kwa mwaka halazimiki kujisajili, na asipojisajili huibeba asilimia 16 yote mwenyewe. Hivyo kodi hii humlemea zaidi kijana wa mashinani ambaye kila kiongozi humhimiza ajiajiri kidijitali. Iwapo himiza hizo zina ukweli, Bunge lifikirie kuwaondolea VAT wanunuzi wa sehemu za kompyuta, kama ilivyokuwa nafuu kabla ya mwaka 2013.

Hadi hapo, jibu kwa mzazi wa Bomet ni hili: shilingi imara imempunguzia kijana bei kidogo, lakini imempunguzia mzazi mapato kutoka mfuko uleule. Akubali kutoa fedha iwapo kijana ameyajibu maswali hayo matatu kwa kalamu na karatasi. Akishindwa kuyajibu, kadi ya zamani imalize msimu mwingine, na bonasi ilipe karo.