Kiingereza Kifunzwe kwa Kupitia Ngeli

Mtoto wa Malindi huingia darasa la kwanza akijua kusema "mkungu wa ndizi umeiva" na "ndizi zimeiva". Hakosei. Anajua pia kwamba kundi la samaki limeonekana Mayungu, lakini samaki wenyewe wameonekana. Kitenzi chake hufuata ngeli ya mwenye sentensi.

Somo la Kiingereza likifika, elimu hiyo huwekwa kando. Mtoto hupewa orodha ya kukariri: kundi la simba huitwa "pride", la samaki "school". Majina kadhaa ya aina hiyo yalitoka kwa wawindaji wa kikabaila. "Pride" ya simba imo katika Book of St Albans, kitabu kilichochapishwa Uingereza mwaka 1486. Na "school" ya samaki haihusiani na darasa: asili yake ni neno la Kiholanzi lenye maana ya kundi. Mwalimu akieleza hivyo, jina halisahauliki.

Ugumu zaidi uko kwenye kitenzi. Kijana wa Watamu anayetazama Ligi Kuu ya Uingereza humsikia mtangazaji akisema "Arsenal are". Akiandika "the team are" daftarini, huenda akapigwa mkasi. Kumbe Waingereza hukubali "is" na "are", ilhali Wamarekani hupendelea "is". Kijana huyo hahitaji nadharia ngeni kuelewa tofauti. Kwa Kiswahili husikia "Arsenal imeshinda" na "Arsenal wameshinda": mara klabu kama kitu kimoja, mara wachezaji wake.

Ngeli haitatui kila kitu. "Police" hutaka "are", sawa na polisi wamefika. Lakini "news" ni umoja, na "furniture", "equipment" na "information" hazipokei "s", ingawa sisi tuna vifaa na taarifa nyingi. Hapo mwalimu atahadharishe mapema.

Ludwig Krapf, aliyeanzisha misheni Rabai, katika Kilifi ya leo, mwaka 1846, alichapisha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850 akiwaeleza wasomaji wa Kiingereza lugha yetu kwa lugha yao. Mtoto wa kaunti hiyohiyo ya Kilifi anastahili heshima iyo hiyo: aelezwe Kiingereza kwa lugha anayoimudu.

Walimu wanaoandaliwa Chuo Kikuu cha Pwani wafunzwe kulinganisha sarufi hizi mbili ubaoni. Na wanaposahihisha, wamkubalie mwanafunzi "is" au "are" kwa timu na kamati, mradi asichanganye zote mbili katika sentensi moja.