Shabiki wa kweli hahesabu siku, huhesabu miaka

KUNA mashabiki wa aina mbili, msomaji mpenzi. Kuna yule wa kibao kimoja. Huyu husikia wimbo redioni, akauimba wiki tatu bafuni, jikoni na ndani ya matatu. Ukija mwingine, ule wa kwanza huusahau kama tikiti ya basi la jana. Halafu kuna shabiki sugu. Huyu akiipenda bendi huwa ameioa. Hunenepa nayo, hukonda nayo na huzeeka nayo.

Leo ningependa tumzungumzie huyu wa pili, kwa kuwa ndiye asiyeeleweka nyumbani. Mkewe humuuliza kwa nini pesa zinaishia kwenye kanda na santuri ilhali kodi ya nyumba inangoja. Watoto humcheka kwa kusikiliza "nyimbo za wazee". Na kazini hakosi mtu wa kumkumbusha kwamba hao anaowahusudu hata hawajui kama yupo duniani.

Ni kweli hawamjui. Lakini je, anapoteza wakati wake? Ili kupata jibu, hebu tuwatazame mashabiki wa bendi moja ya Kimarekani iitwayo R.E.M. Bendi hii ilidumu miaka 31, na wafuasi wake walipitia kila jaribio linaloweza kumpata shabiki.

Kanisa kuukuu

Hadithi inaanzia Athens. Si ile ya Ugiriki, bali ni mji wa chuo kikuu katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Hapo Peter Buck alikuwa akiuza santuri katika duka liitwalo Wuxtry. Mwanafunzi wa sanaa, Michael Stipe, alikuwa mteja wa kila mara, na aghalabu alizichukua zile zile ambazo muuzaji alitaka kujiwekea. Wakawa marafiki.

Wawili hao walikutana na vijana wengine wawili waliojuana tangu shule ya sekondari: Mike Mills, mpiga gitaa la besi, na Bill Berry, mpiga ngoma. Mnamo Aprili 5, 1980, wote wanne walitumbuiza kwa mara ya kwanza katika sherehe ya kuzaliwa kwa rafiki yao, ndani ya kanisa kuukuu ambalo watu walikuwa wakiishi humo.

Muziki wao haukufanana na ule wa redio kubwa. Gitaa lilitiririka kama maji ya kijito, na mwimbaji aliyamung'unya maneno hata msikilizaji akabaki kukisia. Vituo vikubwa viliwapa mgongo. Waliowapokea ni wanafunzi waliokuwa wakiendesha vituo vidogo vya redio vyuoni. Ndiyo sababu muziki wa aina hiyo uliitwa roki ya vyuo, na baadaye roki mbadala, yaani roki isiyofuata njia kuu.

Mwaka wa 1983 walitoa albamu yao ya kwanza, Murmur. Wahakiki wa jarida la Rolling Stone waliichagua kuwa albamu bora ya mwaka, wakaiweka mbele ya Thriller ya Michael Jackson, ambayo dunia nzima ilikuwa ikiicheza!

Shabiki wa siku hizo alijiona mwenye siri. Alipokutana na mwenzake aliyeijua bendi hiyo, walitambuana kama watu wa kijiji kimoja waliokutana ugenini. Walibishana kuhusu maneno ambayo Stipe alikuwa akiyaimba, na mshindi hakupatikana, kwa sababu bendi haikuyachapisha maneno ya nyimbo zote za albamu hadi ilipotoa Up, mwaka wa 1998.

Siri inapofichuka

Jaribio la kwanza la shabiki ni umaarufu. Mwaka wa 1988 R.E.M. walihamia kampuni kubwa ya Warner Bros. Mwaka wa 1991 wakatoa Out of Time, albamu iliyofika nambari moja Marekani na Uingereza. Kibao chake kikuu, Losing My Religion, kilianzia mikononi mwa Buck alipokuwa akijifunza mandolini, kile kigitaa kidogo chenye nyuzi nane zilizopangwa mbili mbili. Hakuna aliyetarajia wimbo usio na kiitikio cha kawaida utie fora. Lakini ulifika nafasi ya nne Marekani, na albamu ikaipatia bendi tuzo tatu za Grammy.

Hapa ningependa kuwatoa wazazi wasiwasi. Jina la wimbo huo, likitafsiriwa neno kwa neno, laonekana kumhusu mtu aliyeasi dini. Sivyo. Kwa watu wa kusini mwa Marekani huo ni msemo tu, wenye maana ya kuishiwa na subira au kufikia ukomo wa uvumilivu. Wimbo wenyewe unahusu mtu anayempenda mwenzake bila kujua kama naye anapendwa. Kabla ya kumnyang'anya mtoto kanda, ni vyema kumuuliza wimbo unasema nini.

Umaarufu ulipokuja, baadhi ya mashabiki wa zamani walinuna. Walisema bendi imejiuza. Msomaji, wivu huu tunaujua. Ni ule wa mtu ambaye rafiki yake wa utotoni amepata marafiki wapya. Lakini je, bendi ilikuwa imebadilika tabia? Baada ya albamu hiyo, wakati kila promota alikuwa tayari kuwalipa, hawakufanya ziara kuu. Walirudi studio, na mwaka wa 1992 wakatoa Automatic for the People, albamu ya taratibu inayozungumzia kifo, kumbukumbu na kupita kwa wakati. Jina lake walilichukua kutoka kwa kaulimbiu ya mkahawa wa chakula cha kienyeji mjini kwao Athens, uitwao Weaver D's.

Katika albamu hiyo mna Everybody Hurts. Bendi iliyosifika kwa mafumbo hapa ilisema wazi wazi. Buck alieleza mwaka wa 2003 kwamba maneno yalifanywa mepesi kwa sababu yalikusudiwa vijana. Ni wimbo wa kumshika mkono kijana aliyekata tamaa na kumwambia avumilie, kwani hayuko peke yake. Mwaka wa 2010 wasanii wengi wa Uingereza waliurudia ili kuchangisha fedha za kuwasaidia waathiriwa wa tetemeko la ardhi huko Haiti.

Shabiki aliyenuna mwaka wa 1991 angeukosa wimbo huo. Aliyesubiri aliupata.

Mmoja anapoondoka

Jaribio la pili lilikuwa zito zaidi. Mnamo Machi 1, 1995, bendi ilikuwa jukwaani mjini Lausanne, Uswisi, Berry aliposhikwa na maumivu makali ya kichwa akaanguka. Mshipa wa damu ulikuwa umevimba na kupasuka ubongoni. Alifanyiwa upasuaji na, kwa bahati njema, akapona. Katika miezi michache alikuwa amerejea kwenye ngoma zake. Mwaka huo huo Mills naye alipasuliwa tumbo, na Stipe akatibiwa ngiri. Huo ulikuwa mwaka wa mikosi!

Mwaka wa 1996 walitia sahihi mkataba mpya na Warner, ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 80. Mwaka uliofuata, Oktoba 1997, Berry akaaga. Hakugombana na mtu. Alikuwa amechoka na safari, akataka kuishi shambani mwake akilima nyasi za mifugo. Aliwaambia wenzake kwamba kama kuondoka kwake kungeivunja bendi, basi angebaki. Wakamruhusu.

Hebu fikiria hilo. Ni bendi ngapi unazozijua zilizosambaratika kwa sababu ya shilingi chache tu? Siri ya hawa ni kwamba tangu mwanzo kila wimbo uliandikwa majina ya wote wanne, na mapato ya utunzi yakagawanywa sawa kwa sawa, bila kujali nani alileta wazo. Wanafunzi mnaoanzisha vikundi vya muziki, maigizo au hata biashara, lishikeni hilo. Mgao mkikubaliana mapema, mtabaki marafiki.

Stipe alisema wakati huo kwamba mbwa mwenye miguu mitatu bado ni mbwa, ila itambidi ajifunze kukimbia upya. Mashabiki nao iliwabidi wajifunze kusikiliza upya. Wengine hawakuweza, wakaenda zao. Waliobaki walivumilia hata albamu ya Around the Sun ya 2004, ambayo Buck mwenyewe hakuificha kwamba haikumpendeza. Mwaka wa 2008 walitunzwa Accelerate, albamu yenye kasi na ari ya ujana. Mvumilivu hula mbivu.

Kujua kuaga

Jaribio la mwisho lilikuja Septemba 21, 2011. Baada ya albamu 15, R.E.M. walitangaza kwamba wamemaliza. Hapakuwa na ziara ya kuaga wala mashtaka mahakamani. Kila Krismasi tangu 1988 klabu yao ya mashabiki ilikuwa ikipokea santuri maalumu isiyouzwa madukani. Ile ya 2011 ndiyo iliyofunga ukurasa.

Tangu hapo wameulizwa mara nyingi iwapo watarudiana. Mnamo Juni 13, 2024, walipoingizwa katika jumba la heshima la watunzi wa nyimbo mjini New York, wote wanne walipanda jukwaani, Berry akiwamo, wakapiga wimbo mmoja tu, ule ule wa mandolini. Walipohojiwa wakati huo kitakachowarudisha pamoja, Mills alijibu kwa mzaha kwamba labda nyota yenye mkia ianguke.

Na mashabiki je? Hawajatawanyika. Mwaka wa 2024 mwigizaji wa filamu Michael Shannon na mwanamuziki Jason Narducy walizunguka Marekani wakiipiga Murmur yote, wimbo kwa wimbo, na kumbi zikajaa watu wenye mvi waliokuja na watoto wao. Bendi ilikuwa imekwisha, ushabiki ulikuwa hai.

Faida yake ni nini?

Sasa turudi kwa yule wetu wa nyumbani, anayeulizwa anapata nini. Mimi naona anapata vitu viwili ambavyo havinunuliwi.

Cha kwanza ni kalenda ya maisha yake. Albamu moja humkumbusha mwaka aliomaliza shule, nyingine mwaka aliomzika mzazi, nyingine mwaka aliopata mwana. Anapoicheza hatafuti tu sauti ya Stipe, anamtafuta yule kijana aliyekuwa yeye. Mke na watoto wakilielewa hilo, watamwacha aketi na santuri zake nusu saa.

Cha pili ni mazoezi ya kupenda. Shabiki wa miaka 30 amejifunza kumpenda mtu aliyebadilika, kumsamehe aliyekosea, kumruhusu aondoke anayetaka kuondoka, na kutomlazimisha aliyechoka. Je, si hayo hayo tunayoshindwa kutendeana majumbani mwetu? Hata hivyo, anayewasamehe wanamuziki wa Georgia albamu mbovu na asiweze kumsamehe mkewe ugali ulioungua, huyo hajajifunza kitu.

Bila shaka kila jambo lina kiasi. Karo ya mtoto haiwezi kugeuzwa tikiti ya tamasha. Na wewe kijana, usimdharau mwenzako kwa kuwa bendi uliyoijua jana yeye ameijua leo. Mlango ulioingilia wewe si wako peke yako.

Lakini ikiwa nyumbani kwenu kuna mzee mwenye sanduku la kanda zilizoshika vumbi, mwombe jioni ya leo akuchezee ile anayoipenda zaidi, kisha umuulize ilikuwa mwaka gani. Nyamaza, umsikilize. Huenda ukasikia mengi ambayo hajawahi kumwambia mtu.

Tukutane Jumapili ijayo, Mola akipenda.