Resipe Isiyopikika

Kila mwalimu wa Kiswahili katika shule zetu za upili amewahi kusahihisha resipe. Mwanafunzi huandika kichwa, akataja idadi ya walaji, akapanga viambata, kisha akaeleza hatua za upishi moja baada ya nyingine. Mwalimu hutazama muundo, akatia alama, na daftari likafungwa. Ni nadra sana mtu kuuliza iwapo chakula hicho kingeiva.

Nayasema haya kwa kuwa nimo miongoni mwa wakosaji. Majuzi niliipa alama nzuri resipe ya mahamri iliyoandikwa kwa lugha safi mno. Niliporudi kuisoma kwa utulivu ndipo nikaona kwamba mwandishi alimwagiza mpishi atie hamira katika tui linalotokota. Yeyote aliyewahi kuumua unga anajua kuwa hamira ina uhai. Tui vuguvugu huiamsha, na tui la moto huiua. Mahamri yale yangekuwa mawe.

Kosa hili si la mwanafunzi peke yake. Wenye ujuzi, yaani mama na nyanya zetu, hawakuuandika, na walipousema waliusema kwa kipimo cha mkono: tia unga kiasi, tui la kutosha, kanda mpaka uone umekubali. Wala huo haukuwa uvivu. Unga wa leo huweza kunywa maji kuliko wa jana, nazi moja hutoa tui zito na nyingine jepesi, na mkono uliozoea huamua papo hapo. Tabu ni kwamba mkono haurithiwi. Tena tukubali jambo ambalo wengi huona haya kulitamka: wako wapishi wanaotoa mapishi nusu. Jirani humwelekeza jirani yote ila lile moja, ili mkate wake uendelee kusifiwa peke yake mtaani.

Tuutazame mkate wa sinia, unaopendwa sana katika pwani yetu na hata Unguja. Mchele hurowekwa usiku kucha, ukasagwa pamoja na tui, ukatiwa sukari, iliki na hamira, ukaachwa uumuke, kisha ukamiminwa katika sinia lililopakwa mafuta na kuokwa kwa makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Mbona rojo hili halikandwi kama unga wa ngano? Kwa sababu mchele hauna gluteni, ile protini ya ngano ivutikayo na kuizuia hewa ya hamira isitoroke. Hapa hewa huzuiliwa na uzito wa rojo lenyewe. Likiwa jepesi mno, viputo hupanda vikapasuka na mkate ukalala. Likiwa zito mno, haliinuki. Basi lile neno "kiasi" la nyanya lilibeba sayansi nzima, nasi tumeliacha lipotee bila kumwuliza: kiasi gani?

Hata mahali pana neno lake. Resipe ya Mombasa, penye usawa wa bahari, ikipandishwa hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, haibaki ile ile. Maji huchemka katika nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hivyo maharagwe hukawia kuiva. Kanieneo ya hewa ni ndogo, na donge lililopata joto huumuka upesi. Lakini asubuhi ya Julai yenye baridi hamira husinzia, na anayefuata dakika za kitabu hukaanga kabla ya wakati.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, sayansi kimu ilikuwamo katika shule za msingi. Baadaye masomo ya vitendo yakapunguzwa, na mtaala wa umilisi, ulioanza mwaka 2017, ukaja na ahadi ya kuyarejesha. Hatuna haja ya kungoja mtaala wowote. Resipe moja kwa muhula yatosha. Mwanafunzi, awe mvulana au msichana, aende jikoni kwao na kikombe. Kila "kiasi" kipite kikombeni kabla ya kuingia sufuriani. Aandike pia majina ya vyombo na mazao yake, mbuzi, kifumbu, kasimile, ambayo wengi huyakuta kamusini tu. Kisha mwenzake apike kwa kuifuata karatasi ile bila kumwuliza mwandishi neno. Jina la aliyetoa mapishi liwekwe chini ya kichwa. Huenda wanaoficha wakalegea wakiona heshima imerudi kwao.

Watakaosema unga ni ghali wana haki, ndiyo maana nasema moja tu, na ipikwe siku ambayo nyumbani kungepikwa vilevile.

Mwanafunzi wangu nimemrudishia daftari. Nyanya yake huuza mahamri kila alfajiri, na Jumamosi ameahidi kumruhusu alipime tui lake kwa kidole kabla ya kutia hamira.