Picha Hujibiwa kwa Picha

Na Masanja Luhende

Kila zinapotajwa zama za uasi katika sinema ya Marekani, fikra za wengi huwaendea wale vijana wa miaka ya 1970 walioingia katika makampuni makubwa ya Hollywood, wakazipindua desturi za wazee wao, na mwishowe wakatoka na mali na sifa. Na miongoni mwao alikuwa Francis Ford Coppola, aliyeipa dunia “The Godfather” mwaka 1972. Lakini chuo kilekile alichosoma Coppola, yaani UCLA cha mji wa Los Angeles, katika miaka hiyohiyo kilikuwa na kundi jingine la waasi, watu weusi wasio na fedha wala mdhamini, ambao hapana kampuni iliyowafungulia mlango. Habari zao amezikusanya Bibi Zeinabu irene Davis katika filamu yake ya hali halisi iitwayo “Spirits of Rebellion”, na filamu hiyo ndiyo maudhui ya safu yangu juma hili, kwa kuwa naona inatuhusu sisi watu wa ziwani hapa Mwanza kuliko tunavyodhani.

Bibi Davis si mgeni kabisa wa pande hizi. Alipokuwa mwanafunzi alikwenda Kenya kwa matumaini ya kufanya kazi na Ngũgĩ wa Thiong’o, kabla mwandishi huyo hajalazimika kuishi uhamishoni. Na huko akawaona Wazungu waliokuja na kamera zao wakiwapiga picha wenyeji kwa jicho lilelile walilowapigia wanyama wa porini. Hapo ndipo alipoazimia kuishika kamera yeye mwenyewe. Baadaye aliingia UCLA, akawa mmoja wa kundi lile katika kizazi chake cha mwisho, na kwa hiyo anapowahoji wakubwa zake na wenzake huuliza kama mtu wa nyumbani.

Asili ya kundi hilo ni machungu. Mwaka 1965 mtaa wa Watts mjini Los Angeles uliwaka moto wa ghasia, na watu 34 wakapoteza maisha. Miaka michache baadaye, kwa shinikizo la wanafunzi, chuo kikaanzisha mafunzo maalumu ya filamu kwa vijana wa jamii zilizobaguliwa. Katika miaka hiyo wakapita chuoni hapo Charles Burnett, Larry Clark, Julie Dash, Billy Woodberry, na Haile Gerima, kijana wa Gondar katika Ethiopia. Na miongoni mwa waalimu wao akawapo Teshome Gabriel, Mhabeshi vilevile, hata ikawa Afrika Mashariki ilikuwa na kiti chake katika baraza lile tangu mapema.

Uasi wao ulionekana zaidi katika namna ya kufanya kazi kuliko katika maneno. Burnett alipiga filamu yake “Killer of Sheep” mtaani Watts siku za mwisho wa juma, kwa gharama isiyofika dola 10,000, na wengi wa waigizaji wake walikuwa majirani. Hadithi yake ni ya mfanyakazi wa machinjioni anayerejea nyumbani amechoka mwili na roho: hamna ujambazi wala bastola za ushujaa, ila mke anayetamani kutazamwa, watoto wanaocheza vumbini, na mashaka ya kutafuta riziki ya halali. Burnett huyohuyo ndiye aliyemwandikia Woodberry hadithi ya “Bless Their Little Hearts” ya mwaka 1984 na kumshikia kamera, kwani ilikuwa ada yao kwamba anayeongoza leo, kesho hubeba vyombo vya mwenziwe. Gerima alipokuwa akipiga “Bush Mama”, polisi wa Los Angeles waliwasimamisha yeye na wenzake barabarani na kuwapekua. Naye, badala ya kwenda kulalamika, aliichukua picha ya kadhia ile akaifanya mlango wa filamu yake.

Malipo ya haya yote hayakuja upesi. Filamu ya Burnett ilikaa takribani miaka 30 bila kufika katika majumba ya sinema, kwa sababu haki za muziki uliomo hazikuwa zimelipiwa, mpaka ilipopata njia mwaka 2007. Gerima alipoikamilisha “Sankofa” mwaka 1993, wasambazaji waliikataa, naye akakodi kumbi mji kwa mji akaionesha mwenyewe, na watu wakajaa.

Na mkondo huo ulifika kwetu. Ron Mulvihill, aliyesoma UCLA, alishirikiana na Nangayoma Ng’oge kutengeneza “Arusi ya Mariamu” mwaka 1985, kisha akashirikiana na Mtanzania Martin Mhando katika “Maangamizi”, filamu iliyokuwa ya kwanza kupelekwa na Tanzania kuwania tuzo ya Oscar, mwaka 2001. Humo Profesa Amandina Lihamba wa Dar es Salaam aliigiza pamoja na BarbaraO, mwigizaji yuleyule wa “Bush Mama”.

Sasa tuitazame hali yetu. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mtu wa Austria, alitoa filamu aliyoipiga hapa Mwanza, “Darwin’s Nightmare”, ambayo mitaani haikujulikana ila kwa jina la filamu ya mapanki, kwa ajili ya vichwa na mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kupelekwa Ulaya. Ndege zilizobeba minofu zilitua na kuruka katika kiwanja chetu hapa Ilemela, na filamu ikadokeza kwamba hazikuja tupu, ila zilileta Afrika silaha za vita. Ikateuliwa kuwania Oscar; na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete akaikemea hadharani, na watu wa Mwanza wakaandamana kuilaani.

Ghadhabu ile ilikuwa na sababu, na Sauper naye alikuwa na sehemu yake ya haki, maana mapanki hayakuwa uzushi, wala umaskini wa walioyaanika juani haukuwa wa kuigiza. Lakini maandamano huisha jioni, ilhali filamu hubaki na kuoneshwa mwaka baada ya mwaka. Na miaka yote hii sijaona hata filamu moja ya mkono wetu ambayo mtu wa Paris au Vienna angeweza kuiweka kando ya ile, akalinganisha, kisha akahukumu kwa insafu.

Wapo wanaodhani kwamba jibu lilikuwa ni kupiga picha za machweo ya ziwa na hoteli za ufukweni. Burnett anawakadhibisha, kwani hakuusitiri umaskini wa Watts hata kidogo. Yule mfanyakazi wa machinjioni alikuwa mtu dhalili kazini, walakini Burnett alimpa muda wa kucheza dansi na mkewe, kufanya mzaha na kukataa haramu, na kwa muda huo hadhi yake ikarudi. Mchuuzi wa dagaa wa mwalo wa Kirumba anastahili muda kama huo, na mvuvi wa Igombe na Kayenze vilevile, pamoja na madeni yao, ugomvi wao na vicheko vyao, bila kupambwa.

Waasi wale walikuwa na vyombo vya chuo, na sisi tuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino hapahapa Mwanza kinachofundisha uandishi wa habari. Basi wakuu wa chuo na wawaazime vijana kamera siku za mwisho wa juma, nao vijana wazunguke kwa zamu, wa kuongoza, wa kupiga na wa sauti, wakae na mwalo mmoja mwaka mzima. Na wenye mamlaka ya kutoa vibali vya filamu, pamoja na wenye viwanda vya samaki, wasimhesabu msaliti kijana atakayeyapiga picha mapanki. Maana atakuja Sauper mwingine, hilo halina shaka. Na heri atukute tumekwisha kujieleza, ili kazi yake ya kwanza iwe kutuuliza.