Neno kwa Jamaa: Kabla ya Kuingiza Batri ya Motoka Ndani ya Nyumba



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya umeme wa nyumba. Labda utasema, "Mchungaji ameacha Injili, sasa anahubiri kuran." Hapana. Mahali ambapo watoto wanalala, na mahali ambapo sadaka ya wamama inatumika, mchungaji ana neno la kusema.

Jioni moja kijana wa kwaya alifika kwangu. Alikaa, akanywa maji, halafu akasema, "Baba Pasta, yaya yangu wa Kolwezi aliona batri. Haiko ya motoka ya mafuta. Ni ile ya motoka ya kuran yenyewe. Iko bei chini. Tukiileta hapa Lubudi, itawashia nyumba yetu yote, hata resho itapika. Minaomba kwaya inikopeshe feza ya sanduku."

Nikamwuliza, "Mama yako alisema nini?"

Akajibu, "Mama alisema nikuulize wewe."

Basi shauri likanirudia mimi. Ndugu msomaji, ulizo la kijana huyu si la ujinga, ni zuri. Dada yake mdogo anajitayarisha kwa Ekzeta, na umeme ukikatika saa moja ya jioni anasoma kwa mshumaa. Mama yake anauza makala. Kijana alitaka kuwasaidia. Ndiyo sababu sikumjibu mbio mbio.

Sisi tunakaa karibu na umeme

Wazee wetu wanakumbuka vizuri. Tangu miaka ya 1950 mto Lualaba unazungusha mashini za umeme pale Nzilo na Nseke, kwa ajili ya migodi. Tena mwaka 1982 ile waya kubwa ya kutoka Inga ilifika Kolwezi, mwendo wa kilometa 1,700 hivi. Ilipita juu ya vijiji vingi ambavyo havikupata hata taa moja. Umeme wa waya ile ni wa namna nyingine na una nguvu nyingi sana. Huwezi kuukata katikati ya njia na kugawia kijiji bila kujenga stasio ya bei kubwa mno.

Na udongo wetu je? Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka Kongo, na kwa sehemu kubwa inatoka hapa Lualaba na Haut-Katanga. Mwaka 1980 mwalimu mmoja, John Goodenough, pamoja na wenzake kule Oxford, walionyesha kwamba kobalti inaweza kufanya batri nyepesi yenye nguvu. Mwaka 2019 yeye na wenzake wawili, Stanley Whittingham na Akira Yoshino wa Japani, walipewa Zawadi ya Nobel kwa kazi ya batri za lithiamu. Kwa hiyo kobalti inatoka hapa kwetu katika malori, inasafishwa zaidi Uchina, inakuwa batri, inaingia katika simu na motoka. Na sasa batri ile imechoka, inarudi kwetu sokoni. Mtoto wa nyumba amerudi, lakini je, amerudi na afya gani?

Wengine walifanya hivi

Wazo la kijana si ndoto. Mwezi wa 3 mwaka 2011 Japani ilipigwa na tetemeko na maji ya bahari, na umeme ukakosekana mahali pengi. Mwaka 2012 kampuni ya Nissan ilianza kuuza chombo kinachoruhusu motoka yake ya umeme, Leaf, kulisha nyumba. Batri ya motoka ile ilikuwa ya kilowati-saa 24, nayo iliweza kutunza nyumba ya Kijapani siku mbili hivi. Mwaka 2018, katika uwanja mkubwa wa mpira wa Amsterdam, waliweka batri za kutosha motoka 148 za namna hiyo, nyingine mpya, nyingine zilizokwisha kutumika, zitunze umeme wa uwanja.

Ginsi gani? Batri ya motoka ikipungua nguvu mpaka sehemu saba au nane kati ya kumi, motoka haiendi tena mbali kama zamani, na mwenyewe analalamika. Lakini nyumba haikimbii barabarani. Nguvu iliyobaki bado inaweza kuwasha taa miaka mingine, kama batri ni nzima na imefungwa vizuri.

Tufanye hesabu pamoja

Bwana wetu alifundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba akae kwanza ahesabu gharama. Chukua kalamu.

Taa nne za wati 8, kwa saa tano: wati-saa 160. Radio ya wati 10, kwa saa sita: 60. Simu tatu: 45 hivi. Televizyo ya wati 50, kwa saa tatu: 150. Jumla: wati-saa 415 kwa siku. Hiyo ndiyo nyumba ya kawaida.

Sasa ile batri ya motoka nyumbani mwako, ile nyeusi ya asidi, ya volti 12 na Ah 70. Ukizidisha unapata wati-saa 840. Lakini batri ile ilifanywa kwa kuamsha motoka, yaani kutoa nguvu nyingi kwa dakika kidogo, kisha kujazwa tena. Ukiimaliza kila usiku inakufa upesi. Usitumie zaidi ya nusu, yaani 420. Umeona? Inatosha siku moja tu, na hakuna kinachobaki.

Mimi mwenyewe niliharibu moja. Wamama wa kanisa letu walitoa sadaka, franka juu ya franka, tukanunua batri ya taa za ibada. Ukafika mkesha. Vijana wakaomba kufunga kinanda na bafle, na mimi nikaitika, maana nilipenda nyimbo. Tulifanya hivyo mikesha mingi. Miezi minne haikupita, batri ikafa. Wamama hawakusema neno, na kunyamaza kwao kuliniumiza kuliko makelele. Nikaungama mbele yao, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Turudi kwa batri ya motoka ya umeme. Ile ya kilowati-saa 24, ikibaki na sehemu saba kati ya kumi, ina 16 hivi. Ukitumia 12 na kuacha nyingine isiguswe, nyumba yetu ya wati-saa 415 itakaa karibu mwezi mzima bila kujaza! Lakini washa resho ya wati 1,500 kwa saa mbili kila siku: hiyo ni kilowati-saa 3 peke yake. Mwezi unakuwa siku nne au chini. Na utajaza kwa pano gani? Kwa hiyo kama mtu anakuambia "hata resho itapika," mwambie afanye hesabu hii mbele yako.

Hatari iko wapi

Batri nzima ya motoka ya umeme si volti 12. Nyingi zina volti 350 au 400. Umeme wa namna ile unaua mtu mzima mara moja, na huwezi kuuzima kwa kugeuza ufunguo, maana uko ndani ya batri yenyewe. Asiyejifunza kazi hiyo asifungue sanduku lile, hata akiwa fundi hodari wa motoka za mafuta.

Ndani ya sanduku kuna vipande. Ile batri ya Leaf ya kwanza ilikuwa na vipande 48, kila kimoja cha volti 7 na nusu hivi. Fundi aliyesoma anaweza kuchukua vipande sita tu, akavifunga kwa volti 45 hivi. Sita vilivyochoka vinabaki na kilowati-saa 2 hivi. Kwa nyumba yetu hiyo ni siku tatu au nne. Inatosha! Kwa nini ulete ndani nyumba nzima ya umeme, na wewe unahitaji chumba kimoja?

Tena batri ya lithiamu ikijazwa kupita kipimo, au ikiwa imegongwa, inaweza kuwaka moto wenyewe, na moshi wake ni sumu. Kwa hiyo lazima iwe na chombo kidogo cha ulinzi kinachopima kila kipande na kukata umeme mambo yakiharibika. Batri bila chombo hicho ni moto unaongoja. Ziko pia batri za lithiamu za chuma na fosfati, zisizo na kobalti. Hizi zinavumilia joto vizuri zaidi, na kwa nyumba ndizo ningetafuta kwanza, hata kama sisi ni watu wa kobalti.

Na ile ya asidi? Usidharau. Ina risasi ndani yake. Kule Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watoto 18 walikufa kati ya 2007 na 2008, kwa sababu watu walivunja batri za zamani kutoa risasi, na vumbi likabaki pale watoto wanapocheza. Kule Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, watu waliugua kwa ajili ya kiwanda kilichoyeyusha batri. Mama mmoja, Phyllis Omido, alipigania jambo hilo mpaka kortini, na mwaka 2020 hakimu aliamua wakaaji walipwe. Batri iliyokufa haivunjwi uwanjani, wala haichomwi. Rudisha kwa muuzaji anayeipokea nzima.

Tulivyoamua

Nilimpeleka kijana mbele ya komite. Tulimwambia: sanduku litakopesha, kwa masharti matatu. Kwanza, fundi wa umeme apime batri mbele ya macho yetu, kipande kwa kipande. Pili, chombo cha ulinzi kiwepo. Tatu, batri isilale chumba kimoja na watoto, wala chini ya mabati yenye joto, bali katika kibanda cha matofali, chenye hewa, kilichofungwa kwa ufunguo.

Kijana akaenda Kolwezi. Muuzaji alikataa batri isipimwe. Alisema, "Unataka, unalipa. Hautaki, uache." Kijana alirudi mikono mitupu, akanikasirikia majuma mawili, hata kwaya hakuja. Mama yake akaja kwangu, nikafikiri atanilaumu. Akasema tu, "Pasta, mwenye kuuza makala mazuri hakatazi mutu kufungua mufuko."

Yule mama hakusoma mambo ya umeme, lakini alimaliza shauri lote.

Hatukumwacha yule binti gizani. Wamama walichanga, wakanunua taa mbili ndogo za jua. Moja iko kwake mpaka mtihani upite. Feza ya kwaya ingali katika sanduku. Kijana amerudi, na sasa anataka kujifunza kazi ya batri vizuri. Nilimwambia kwamba tangu 2022 kuna nyumba ya masomo ya batri kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Nani ajuaye? Udongo unatoka hapa. Kwa nini fundi asitoke hapa?

Wasichana wale watano wenye akili katika mfano wa Bwana hawakusifiwa kwa taa kubwa kuliko za wenzao. Walikuwa wamechukua mafuta ya akiba. Batri ni chupa ya mafuta hayo. Angalia chupa kama haina ufa kabla ya kuilipia.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani: (1) Nyumba yetu inatumia wati-saa ngapi kwa siku? Hesabuni pamoja, baba, mama na watoto. (2) Batri yetu inalala wapi usiku, na watoto wanalala wapi? (3) Batri iliyokufa tuliipeleka wapi?

Bwana awalinde, ninyi na nyumba zenu. Tutaonana mwezi ujao.