"Alama za uaminifu": tafsiri iliyomponza mama mdogo

Mama mdogo wangu alivuka Ziwa Albert wakati wa vita, akakaa kambi ya Kyangwali nchini Uganda, kisha akapelekwa Marekani. Mwaka jana alinitumia barua ya benki nimtafsirie. Ilitaja ile hesabu wanayowekewa wakopaji kule, inayoanzia 300 hadi 850. Nikaiita "alama za uaminifu". Nilijisifu hata, maana neno la Kiingereza lina mzizi wa Kilatini wa kuamini.

Aliposoma hivyo, akafanya ambalo mtu yeyote wa Bunia angefanya. Alikuwa na kadi mbili za mkopo, kila moja yenye kikomo cha dolari 1,000. Ya kwanza alikwisha kuilipa yote, basi akaifunga, aonekane mwaminifu zaidi. Ya pili ilibaki na deni la dolari 500. Alama zikashuka. Akapiga simu: "Mtoto wangu, nimelipa, juu ya nini wananishusha?"

Katika hesabu ya FICO, inayotumika sana kule, kulipa kwa wakati kuna uzito wa asilimia 35. Madeni yana asilimia 30, na hapo wanatazama hasa umetumia sehemu gani ya kikomo chako. Kabla ya kufunga, alikuwa ametumia 500 kati ya 2,000, yaani robo. Baada ya kufunga, 500 kati ya 1,000: nusu. Deni halikuongezeka hata dolari moja! Historia ya kadi iliyofungwa vizuri haipotei siku hiyo, huweza kubaki katika kumbukumbu hadi miaka 10. Kilichomponza ni ule uwiano.

Kwetu mwenye duka akifuta jina lako daftarini, unapumua. Aliyemaliza mzunguko wa likelemba na kulipa zamu zote anajitoa kwa heshima. Waswahili wa pwani wana "mali kauli", bidhaa unayochukua leo na kuilipa ukishauza, dhamana ikiwa ni neno lako tu. Ukiacha kuichukua, hakuna anayekuona mwongo. Huo ndio uaminifu, na FICO haiupimi.

Napendekeza tuseme "alama za ukopaji". Mwenzangu darasani anadai neno hilo linanuka deni. Linuke! Ndilo linalopimwa.

Tusidhani ni jambo la wachache. Wakimbizi wengi waliohamishiwa Marekani walikopeshwa nauli ya ndege na IOM, bila riba, na malipo yake huingia katika kumbukumbu za mikopo. Mtu wa Ituri alishuka uwanjani tayari ana deni linaloandikwa, na barua zake mara nyingi zinarudi kwetu tulio kwenye fakulte ya lugha, tuzitafsiri bure kwenye simu.

Mama mdogo nimemwandikia upya. Kadi iliyobaki asiifunge, apunguze kwanza zile 500. "Uaminifu" nimelifuta.